Bakst, Matisse, Schlemmer au Goncharova: njia ipi ya kupamba vazi la baleti inakufaa?

Anayetaka kutengeneza mavazi ya baleti kwa mtindo wa miaka ya 1909 hadi 1929 huanza kwa kosa moja: kudhani kwamba mtindo huo ni mmoja. Kundi la Ballets Russes la Serge Diaghilev lilifungua msimu wake wa kwanza Paris, katika ukumbi wa Châtelet, Mei 1909, na likasambaratika Diaghilev alipofariki Venice Agosti 1929. Katika miaka hiyo 20 mavazi yalibuniwa na wachoraji, na kila mchoraji alikuwa na jibu lake kwa swali moja: nakshi ikae wapi?

Léon Bakst aliiweka ndani ya kitambaa, itembee na mwili. Henri Matisse aliikata vipande na kuishonea juu. Mikhail Larionov, Pablo Picasso katika baleti ya Parade na, nje ya kundi hilo, Mjerumani Oskar Schlemmer, waligeuza vazi zima kuwa pambo lenye umbo lake. Natalia Goncharova, katika baleti ya Les Noces, aliiondoa kabisa, watu wenyewe wakawa ndio nakshi ya jukwaa. Majibu haya manne hayatofautiani kwa sura tu. Yanatofautiana kwa uzito, kwa gharama, kwa joto, na kwa hatua ambazo mchezaji ataweza au hataweza kuzicheza. Kwa hiyo uamuzi uanze na dansi yenyewe, mchoro ufuate.

Bakst: nakshi inayotembea na mwili

Baleti ya Schéhérazade, yenye mavazi ya Bakst, ilipoonyeshwa Opéra ya Paris tarehe 4 Juni 1910, watu walishangazwa na rangi: kijani na buluu kali pamoja na nyekundu na chungwa, bila kuogopa kuzigonganisha. Fundi anayeyaangalia mavazi hayo kwa karibu hushangazwa zaidi na jinsi nakshi zilivyo rahisi. Ni miduara, miraba, pembetatu na mistari ya mawimbi, mikubwa kuliko ambavyo mtu angethubutu kuiweka kwenye nguo ya kawaida. Nyingi zilipigwa kwa stensili au kuchorwa kwa rangi za dhahabu na fedha, kisha zikaongezewa utepe na lulu za bandia mahali pachache tu. Bakst alichora kwa ajili ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Darizi nyembamba ya mkono ingepotea.

Chini ya nakshi kuna vitambaa laini, tabaka juu ya tabaka, vinavyofuata mwili na kuchelewa kidogo nyuma yake. Kuchelewa huko ndiko uzuri wake: mchezaji akisimama ghafla, kitambaa kinamalizia mwendo. Ndiyo maana njia hii inafaa dansi ya mizunguko, migeuko ya kiuno na mikono mirefu, na haifai dansi ya kusimama imara na kukata pembe.

Kwa suruali pana iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu, mtu mzima anahitaji mita 3 za shifoni yenye upana wa sentimita 140. Kwa tabaka mbili, chukua mita 6. Shifoni ya gramu 60 kwa mita ya mraba inatoa kama gramu 250 kwa tabaka, yaani nusu kilo kwa suruali nzima. Tumia rangi mbili tofauti kwa tabaka mbili, kwa mfano buluu ndani na kijani nje. Chini ya taa rangi ya tatu itajitokeza kila mguu unapotembea, na hilo huwezi kulipata kwa kitambaa kimoja hata kiwe ghali vipi.

Mambo yanayoharibika hapa yanajulikana, na karibu yote yanazuilika.

Msamba ndio wa kwanza kuchanika. Kata kipande cha umbo la almasi, sentimita 15 kila upande, ukiweke kati ya miguu kama kikwapa cha kanzu kinavyowekwa chini ya mkono. Kipande hicho kiwe cha pamba au cha kitambaa kinachovutika, si shifoni. Blauzi nayo iwekewe kikwapa, maana mchezaji wa baleti anainua mkono juu ya kichwa mara nyingi, na mshono wa kawaida utavuta vazi lote juu.

Kitambaa kilichokatwa mshazari hurefuka. Kitundike kwa saa 24 kabla ya kukunja pindo, halafu usawazishe. Ukikunja siku hiyohiyo, pindo litakuwa na mawimbi ifikapo onyesho la pili.

Stensili ina siri yake kwenye uzito wa rangi. Ikiwa nyepesi sana, inakimbia kando ya nyuzi na mstari unakuwa na manyoya. Ikiwa nzito sana, kitambaa kinakauka kama ngozi na kuanguka vibaya. Changanya hadi ifanane na mtindi mzito, tumia sponji iliyokamuliwa karibu ikauke, gonga moja kwa moja kutoka juu, usisugue. Subiri siku nzima, kisha piga pasi upande wa nyuma kwa dakika 3 hadi 5 kwa joto ambalo kitambaa hicho kinastahimili. Na usipake rangi ya dhahabu kwenye kiwiko, nyuma ya goti au kwenye mstari wa kiuno. Hapo kitambaa hukunjwa maelfu ya mara, na rangi ya metali hupasuka na kuacha alama nyeupe. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 bila nakshi. Mtazamaji hataiona.

Kisha kuna shanga na lulu, na hapa tusifanye mchezo. Uzi ukikatika jukwaani, lulu zinatawanyika sakafuni na mchezaji anayefuata anaweza kuteguka mguu. Funga fundo kila baada ya shanga 3, tumia uzi wa nailoni, na kila mnyororo ushonewe kwenye nguo katika sehemu kadhaa badala ya kuning'inia. Kwenye kiuno cha mchezaji anayenyanyuliwa usiweke shanga wala satini: shanga zinamkata mwenzake mikono, na satini inateleza. Weka mkanda wa pamba au wa mahameli wenye upana wa kiganja.

Bakst hakuwa na njia moja tu. Kwa Le Spectre de la Rose ya 1911 alimvika mchezaji Vaslav Nijinsky vazi la kubana lililoshonewa petali za hariri, na petali hizo zilihitaji kutengenezwa upya kila mara. Anayefikiria vazi la aina hiyo ahesabu kazi ya kila jioni, si ya kushona tu. Kwa L'Après-midi d'un faune ya 1912 wasichana walivaa kanzu za kitambaa chembamba zenye marinda membamba na pindo za nakshi. Marinda ya namna hiyo yangeharibika dakika ya kwanza katika dansi ya kunyanyuana, lakini Nijinsky alikuwa amepanga mwendo wa ubavu, bapa kama picha iliyochongwa ukutani, na hakuna aliyeruka ovyo. Vazi na hatua vilikubaliana. Ukitaka marinda, kwanza muulize mpanga dansi kama anaweza kuishi bila kunyanyuana.

Kuna onyo moja kutoka kundi hilohilo. Mchoraji Nicholas Roerich alitumia nakshi za kupigwa rangi katika baleti ya The Rite of Spring, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 29 Mei 1913, lakini aliziweka kwenye kanzu nzito za sufu. Picha ni ya kupendeza mno, na uzito huo uliendana na mdundo wa kukanyaga chini. Lakini wachezaji waliungua kwa joto. Katika ukumbi wa Mombasa au Dar es Salaam usio na kiyoyozi, sufu iondoe kwenye orodha. Pamba nzito ya gramu 200 kwa mita ya mraba, ikiwekewa ukanda wa uzito ndani ya pindo, itaanguka karibu vilevile.

Matisse: nakshi iliyokatwa na kushonewa juu

Baleti ya Le Chant du Rossignol, yenye mavazi ya Matisse, ilionyeshwa Opéra ya Paris tarehe 2 Februari 1920, hatua zikiwa za Léonide Massine. Vazi la kuangaliwa ni la waombolezaji: joho la feliti nyeupe (kitambaa kizito cha nyuzi zilizogandamizwa bila kufumwa) lenye kofia iliyoungana nalo, limeshonewa mistari na pembetatu za mahameli ya buluu iliyokoza. Basi. Hakuna lulu, hakuna dhahabu. Mwili umefichwa, na mchezaji anakuwa alama inayotembea. Wakiwekwa wengi pamoja, pembetatu zinaungana kutoka mtu hadi mtu na jukwaa lote linakuwa kitambaa kimoja. Miongo kadhaa baadaye Matisse angejulikana kwa picha za karatasi zilizokatwa kwa mkasi, na katika joho hili mkasi huo tayari unafanya kazi.

Kwa kikundi kisicho na mafundi wengi, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Sababu ni za kifundi. Joho halihitaji kupimwa kwa usahihi kwenye mwili, vipimo vitatu vinatosha wachezaji wote: mdogo, wa kati, mkubwa. Mchezaji akiumia, mwingine anavaa lake. Na feliti haitoki nyuzi, kwa hiyo haihitaji pindo wala kukunjwa kingo.

Ila chagua feliti kwa gramu, usichague kwa kuishika dukani. Joho la mtu mzima linakula karibu mita 5 za mraba. Feliti ya sufu ya milimita 3 ina kama gramu 600 kwa mita ya mraba, na hiyo ni kilo 3 begani kabla hujaweka nakshi yoyote. Feliti ya milimita 1.2 hadi 1.5 ina takriban gramu 300, yaani kilo moja na nusu. Bado inasimama na kuonyesha pembe, na mchezaji anaweza kuinua mikono kwa dakika 10 bila mabega kufa ganzi. Ipitishe kwenye mvuke kabla ya kukata, maana feliti ya sufu husinyaa. Ukiikata kwanza na kuipiga pasi baadaye, pembetatu zako hazitakutana tena kwenye mishono.

Sasa tuje kwenye mahameli, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila fundi kujua kwa nini. Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja. Pitisha kiganja: upande mmoja ni laini, mwingine unakwaruza. Manyoya yakielekea juu, rangi inaonekana imekoza; yakielekea chini, inang'aa na kupauka. Ukikata pembetatu 20 kwa kuzigeuzageuza ili kuokoa kitambaa, chini ya taa utakuwa na pembetatu za buluu mbili tofauti, na hakuna pasi itakayorekebisha. Chora mshale nyuma ya kila kipande kabla ya kukata, mishale yote ielekee upande mmoja. Nunua robo zaidi ya ulichopiga hesabu.

Kushona kwenyewe: bandika kipande kwa nyuzi za muda, si kwa pini, kwa kuwa mahameli hutambaa chini ya mguu wa cherehani. Zigizaga ya upana wa milimita 3, mishono ikiwa karibu karibu, izunguke ukingo wote. Anzia katikati ya upande, usianzie kwenye ncha. Gundi ya kupigia pasi inaharakisha kazi, lakini inafanya kipande kuwa kigumu kuliko joho lenyewe, na baada ya maonyesho kadhaa ncha zinaanza kubanduka. Kwa onyesho la usiku mmoja ni sawa.

Kuhusu ukubwa wa nakshi, tundika joho ukutani, rudi nyuma mita 15, piga picha kwa simu. Mstari wa chini ya sentimita 2 utakuwa umetoweka. Wengi hugundua hapo kwamba nakshi zao zinahitaji kuongezwa mara mbili kwa ukubwa na kupunguzwa nusu kwa idadi.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, na ni mkubwa: inaficha mstari wa mwili. Kazi nzuri ya miguu itapotea ndani ya joho. Kama onyesho linamtegemea mchezaji mmoja hodari, usimfunike. Mvike kwa njia ya Bakst, waliobaki wavae majoho. Ulaini wake utaonekana zaidi akiwa kati ya watu wenye pembe.

Larionov, Picasso na Schlemmer: vazi lenye umbo lake

Katika Parade, tarehe 18 Mei 1917, wahusika wawili walioitwa mameneja, waliobuniwa na Picasso, walitokea wakiwa ndani ya miundo mirefu ya kadibodi, kama majengo na watu vilivyogongana. Meneja wa tatu alikusudiwa kuwa sanamu iliyopanda farasi, na farasi huyo alichezwa na watu wawili. Sanamu ilianguka kwenye mazoezi, ikaondolewa, farasi akabaki bila mpanda farasi. Yeyote anayetaka njia hii aanze kwa kufikiria anguko hilo: uzito uliowekwa juu ya kichwa au mgongo unamvuta mchezaji zaidi kila anapogeuka.

Larionov, katika Chout ya 1921, aliunda mavazi ya feliti na vitambaa vilivyokazwa kwa fito za henzirani. Yana nguvu ya ajabu kama mapambo, na wachezaji waliyalalamikia. Schlemmer ndiye aliyeelewa tatizo. Katika Triadisches Ballett, iliyoonyeshwa Stuttgart tarehe 30 Septemba 1922, aliunda mavazi 18 kwa wachezaji watatu na dansi 12, akitumia waya, mbao, metali na karatasi iliyogandishwa, na akakubali kwamba vazi ndilo litakaloamuru hatua. Sketi ya pete za waya haimruhusu mchezaji kushusha mikono, basi dansi iliundwa bila kushusha mikono. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na Larionov. Larionov alivalisha dansi, Schlemmer alianza na vazi.

Chagua njia hii ikiwa tu mpanga dansi yuko tayari kuanza mazoezi na vazi la majaribio tangu wiki ya kwanza. Vazi hilo liwe la marikani na kadibodi, uzito na upana ule ule wa vazi la mwisho. Fito za milimita 4 hadi 6 ziloweke kwenye maji kwa saa moja, zikunje zikiwa na unyevu, unganisha ncha kwa kuzipishanisha sentimita 10 na kuzifunga uzi. Mkanda wa gundi hautoshi, jasho litaulegeza. Pima milango ya ukumbi na nafasi ya pembeni ya jukwaa kabla hujaamua kipenyo. Vazi la sentimita 120 lisilopita mlangoni litabidi livaliwe jukwaani pazia likiwa limefungwa, na hapo unahitaji wasaidizi wawili kwa kila mchezaji.

Goncharova: kuondoa nakshi

Mwaka 1914 Goncharova alikuwa amejaza jukwaa la Le Coq d'Or maua na rangi za kijijini Urusi. Kwa Les Noces alianza vivyo hivyo, na Bronislava Nijinska, aliyepanga hatua, akakataa michoro hiyo. Iliyotokea kwenye ukumbi wa Gaîté-Lyrique tarehe 13 Juni 1923 ilikuwa kahawia na nyeupe tu: magauni sahili juu ya blauzi kwa wanawake, suruali na mashati kwa wanaume. Nijinska alizipanga safu, mirundo na piramidi za watu, na nakshi ikawa ni hizo.

Watu hudhani hii ni njia ya mkato kwa sababu ni ya bei nafuu. Kitambaa ni rahisi kweli, mita 3 za pamba kwa gauni, na kila kitu kinafuliwa. Lakini hakuna pambo la kuficha kosa. Nunua kitambaa chote kutoka jora moja au angalau kundi moja la kutia rangi. Majora mawili ya kahawia yanayofanana dukani yatatofautiana chini ya taa, na safu yako itakuwa na mabaka. Pindo lipimwe kutoka sakafuni kwenda juu, kila mchezaji akiwa amevaa viatu vyake vya jukwaani. Ukipima kutoka kiunoni, warefu na wafupi watavunja mstari, na mstari ndio kila kitu hapa. Soksi na utepe wa nywele viwe vya aina moja. Hereni zivuliwe.

Na ujiulize kwa unyofu kama wachezaji wako wanakwenda pamoja. Vazi hili linaonyesha kila mkono uliochelewa.

Kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi na kutumia nguo za kawaida, kama mbunifu wa mitindo Gabrielle Chanel alivyofanya kwa baleti ya Le Train Bleu ya 1924 kwa mavazi ya kuogelea na ya michezo ya kufumwa. Inapendeza kwa mchezo mfupi wa kuchekesha. Sufu ya kufumwa ikilowa jasho inarefuka na kumtoka mwenzako mkononi wakati wa kunyanyua, kwa hiyo leo tumia kitambaa chenye lastiki ndani yake.

Kabla ya kununua chochote

Mwombe mpanga dansi akutajie hatua tatu ngumu zaidi katika onyesho. Kukiwa na kunyanyuana kwingi, chaguo ni Bakst au Goncharova. Kukiwa na safu na maumbo ya kundi, ni Matisse au Goncharova, na kinachoamua ni kama wachezaji wanalingana: wakilingana, Goncharova, wasipolingana, joho la Matisse litawasaidia. Schlemmer haingii kwenye dansi iliyokwisha kupangwa.

Kwa muda wa kazi, fundi mmoja mzoefu anamaliza gauni la Les Noces kwa siku moja, joho la nakshi za kushonea kwa siku mbili au tatu, na vazi kamili la Bakst kwa takriban wiki, akihesabu kukausha rangi. Vazi la umbo usilipangie siku, lipangie mazoezi.

Usafi nao unabadilisha hesabu. Joho la feliti na mahameli halifuliwi. Kila mchezaji avae fulana ya pamba ndani na kuibadilisha kila onyesho. Baada ya onyesho geuza joho ndani nje, nyunyiza bitana kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, baada ya kujaribu kwenye kona isiyoonekana kama rangi haitoki, kisha liache kwenye upepo kivulini. Shifoni yenye shanga ilazwe bapa ndani ya shuka, kwa sababu ikitundikwa uzito wa shanga huichana begani. Mavazi ya Ballets Russes yaliyobaki katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, na katika National Gallery of Australia, Canberra, yana viraka na madoa ya jasho. Anayepata nafasi ya kuona picha za upande wa ndani azitazame hizo kwanza kuliko za mbele. Huko ndiko kunakoonyesha ni mshono upi ulioshonwa mara ya pili na wapi kitambaa kiliongezwa.